Mjomba, hizo taa 200 zisubiri kwanza

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliupata Jumapili nikiwa Makina, kwa bibi mmoja Mnubi aliyetuachia kibaraza chake tufanyie kazi. Niliusikiliza mara mbili. Wewe na wenzako wa msikitini huko Leicester mmechangishana, mnataka kununua taa 200 za sola zigawiwe bure hapa Kibera kabla ya Ramadhani. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Halafu nikaingiwa na hofu, na naandika hadharani kwa kuwa najua wenye nia kama yako ni wengi.

Nakuomba taa hizo zisubiri kwanza.

Hitaji lipo, tena kubwa. Chumba ni futi 10 kwa 10, ukuta wa udongo au mabati, dirisha hakuna kwa sababu ukuta wa jirani uko papo hapo. Saa sita mchana mtoto akitaka kusoma lazima awashe kitu. Wenye stima, wengi wao ni ya sambaza, waya umepitishwa juu ya mapaa na kuna mtu anakusanya pesa kila mwezi. Siku wakija kukata, mtaa mzima unarudi kwenye koroboi. Na mafuta taa nayo hayashikiki. Mwaka 2018 serikali iliyaongezea tozo ya shilingi 18 kwa lita, ikisema inazuia watu kuyachanganya na dizeli, na aliyeumia ni yule anayeyanunua kidogo kidogo jioni. Nyumba ya kwanza niliyoingia, koroboi ilikuwa imetundikwa msumarini juu ya kitanda cha watoto, na kwenye bati palikuwa na duara la masizi pana kama sinia. Mama mwenye nyumba alipitisha kidole pale, akanionyesha. "Hii ndiyo tunavuta," akasema.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Mwaka jana tulianza watu 7 wa kujitolea, watatu kutoka chuoni na wanne wazaliwa wa hapa hapa. Mpango wetu ulikuwa akina mama wa chama, kile kikundi chao cha kuweka akiba, wachukue taa kwa mkopo, waziuze kwa lipa polepole, mteja atume shilingi 50 kila jioni kwa M-Pesa, na muuzaji abaki na faida yake. Si jambo geni hapa. Tangu kampuni ya M-KOPA ianze kuuza sola mwaka 2012, watu wa kipato kidogo wamekuwa wakilipia sola kidogo kidogo kwa simu, na wanajua kuuliza maswali magumu kuhusu wanacholipia. Tuliuza vizuri wiki mbili. Ya tatu, mfadhili mmoja akaleta taa 60 za bure. Tulishangilia, tukazigawa zote siku moja, tukapiga na picha.

Jumatatu yake wateja wa mama mmoja muuza omena kule Gatwekera wakaacha kulipa. Jirani amepewa, mimi nalipia nini? Hakuwa na jibu la kuwapa, na sisi hatukuwa nalo. Deni la taa 12 lilikuwa kwa jina lake. Alililipa lote kwa pesa ya omena. Siku alipoileta pesa ile, noti zikiwa zimekunjwa ndani ya leso, sikuweza kumtazama usoni.

Na zile 60? Baada ya miezi 5 tulizunguka nyumba kwa nyumba kuzitafuta. Zilizokuwa zinawaka ni 22. Nyingi ya zilizobaki zilikuwa uvunguni, zimezima kwa hitilafu ndogo. Moja niliifungua mwenyewe pale kibarazani. Skrubu nne tu. Betri nzima, balbu nzima, ila waya mwekundu ulikuwa umeng'oka kwenye tundu la kuchajia. Waya wa paneli hupitishwa chini ya mlango wa bati, na mlango ukifungwa huuvuta, asubuhi na jioni, mpaka unaachia. Tone moja la lehemu, taa ikawaka. Bibi akapiga kigelegele mpaka watoto wa ploti wakaja mbio.

Aliyepewa bure hakujua pa kuirudisha, Mjomba. Aliyeuziwa na mama wa mtaani kwake anajua mlango wa kubisha.

Tangu hapo kazi yetu kubwa imekuwa kurudi. Mwezi wa pili, wa tatu tangu taa itoke, tunabisha hodi tu na kuuliza taa inaendeleaje. Ndipo tunapojua kwamba watu huacha taa yenyewe juu ya bati pamoja na paneli, na betri inapikika kwa joto. Kwamba paneli ikilala nje huibiwa, na inayopandishwa paani kila asubuhi humtegemea mtoto ambaye shule zikifunguliwa hayupo. Kwamba nyumba zilivyobanana, kuna mapaa yanayopata jua saa tatu tu kwa siku, na mwenye nyumba kama hiyo ni heri umwambie mapema kuliko kumuuzia.

Kwa hiyo mchango wenu, kama wenzako wataridhia, tuugawe hivi. Sehemu inunue taa za kuwakopesha akina mama wale wale, kuanzia na yule wa omena. Sehemu inunue betri, matundu ya kuchajia na waya. Inayobaki iwalipe vijana wawili wa hapa wakae na bisibisi kibarazani kila siku, sisi wa kujitolea tukiondoka waendelee.

Na wewe mwenyewe uje. Ulinishikisha chuma cha kulehemia nikiwa darasa la tano, pale kwenye banda lako la redio Mwembe Tayari, na bado nafanya vile vile ulivyonionyesha: pasha waya kwanza, lehemu itafuata. Vijana hawa wanaunguza bodi kwa haraka zao, na mimi sina subira yako. Njoo Agosti, ukae hata wiki sita. Godoro lipo. Mlete mkaza mjomba kama ataweza, bibi ameshauliza kama anakula samaki.

Usisahau ile mita yako ya zamani ya kupimia umeme, yetu imekufa. Chini ya meza kuna kreti ya soda yenye taa 17 ambazo zimenishinda. Sijaziondoa hapo.