Mama Mdogo, birika nilishika mimi

Shikamoo Mama Mdogo.

Najua mjukuu wako ndiye atakayekusomea hii, kwa hiyo nimwambie kabisa: soma yote, usiruke. Simu zangu hupokei tangu tulipoanua tanga. Ujumbe unausoma, tiki zinageuka bluu, kisha kimya. Basi nimeona niandike hapa hapa hadharani, ili watu wakikuuliza ukasirike, na ukishakasirika labda utanipigia unigombeze.

Yeye sitamtaja jina. Wewe unamjua, mimi namjua, wanaosoma hawana haja. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana kinyume cha maumbile, kinaanzia miaka 30 jela na kuishia maisha, na neno la mtu mzima huwa halibaki msibani. Ile sauti uliyoituma kwenye kundi la ukoo, ukisema "mnajua alivyo", imeshafika mbali. Na hatukujua kitu, Mama Mdogo. Ulijua wewe peke yako, kwa sababu alikuambia wewe peke yako.

Siku ya pili ya msiba, saa saba mchana, wanaume wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe. Sisi tunatoa ugali wa muhogo na migebuka iliyozama kwenye mawese. Mimi nina birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Nimemnawisha mzee wa kanisa, nimemnawisha Baba Mkubwa, nikafika kwake. Alikuwa ameshakinga mikono. Wewe ukasema kutoka barazani, wala si kwa sauti kubwa, "Huyo mruke."

Nikamruka.

Mikono ilibaki vile vile kidogo. Halafu akaifuta kwenye suruali, mikavu ile, kama vile imeshalowa, akainuka akajifanya simu inaita.

Huyo ni mtu aliyepanda treni Dar kuja kumwona Bibi angali hai. Alishuka stesheni ya Tabora kumnunulia asali ya kutia kwenye uji, na habari ya kifo ikamkuta Kaliua. Chupa ya asali iko kabatini kwangu mpaka leo. Hakuna aliyeifungua.

Sasa usiseme nimebadilika kwa sababu ya mjini. Kwenye Maandiko mimi na wewe tuko pamoja. Warumi sura ya kwanza ulinifundisha wewe, kwa taa ya chemli, kabla sijajua hata kuandika barua, na sijaiacha. Ni wewe uliyenisimulia habari za Gene Robinson, padri aliyeishi waziwazi na mwanamume mwenzake, kuwekwa wakfu uaskofu kule Marekani mwaka 2003, na jinsi maaskofu wetu wa Anglikana Tanzania walivyotangaza Desemba 2006 kwamba ushirika na kanisa lile umeharibika, na kwamba fedha za wanaobariki mambo hayo hawatazipokea. Ulijivunia. Mimi pia nilijivunia, maana kanisa linaloezeka bati kwa michango ya mahindi na maharage kukataa fedha si mchezo.

Ndiyo maana jioni ile jikoni, nilipokuuliza kwa nini, ulikuwa na jibu tayari. Ulisema Februari 2007 wakuu wa makanisa walipokutana Dar es Salaam, baadhi yao hawakwenda kwenye meza ya Bwana pamoja na mwenzao wa Marekani. "Maaskofu wakuu walikataa, sembuse mimi?"

Mama Mdogo, wale walikataa kikombe cha Bwana. Kunawa kabla ya kula migebuka ni sakramenti ya wapi?

Hata azimio la Lambeth la 1998, la mkutano wa maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima, lile namba 1.10 unalopenda kulitaja, unalisoma nusu. Linasema matendo hayo hayapatani na Maandiko, sawa. Linasema pia watu hao wasikilizwe, na linalaani kuwaogopa bila sababu. Na Paulo mwenyewe, akishamaliza orodha yake yote, sura ya pili anaanza: "Kwa hiyo, wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru." Hapo kwenye darasa letu la chemli hatukufika. Sijui usingizi, sijui mafuta yaliisha.

Mimi naye tumebishana, usidhani ninamchekea tu. Siku moja kabla hajaondoka tulikaa Kibirizi kuanzia alasiri mpaka taa za wavuvi zikawaka ziwani. Yeye ananiletea towashi wa Kushi, Matendo ya Mitume sura ya nane, kwamba Filipo hakumuuliza maswali mengi kabla ya kumbatiza. Mimi namwambia anavuta kamba ndefu kuliko andiko. Ananijibu kwamba na mimi kamba yangu naijua. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Chai alilipa yeye, vitumbua nikalipa mimi.

Na hili nilikuwa nimeapa sitaliandika. Kanisa lilipokutenga, wakati ule wa mimba ya kwanza, ukakaa benchi la nyuma bila Chakula cha Bwana, Bibi hakugombana na mchungaji. Alikubali kwamba umekosa. Lakini nyumbani alikula na wewe sahani moja, hata wageni walipokuwepo, hata shangazi zake walipokunja uso. Umetusimulia mwenyewe, na kila ukisimulia unalia. (Ninyi wengine mnaosoma, hili ni letu, lipiteni.)

Najua utasema: na wewe uliyeshika birika? Ndiyo, nililishika. Ningefanyaje? Wewe ndiye uliyeuza dagaa nikasoma. Wazee wote wanatazama, kaburi la Bibi halijakauka udongo, mimi nikubishie mbele ya mzee wa kanisa? Baadaye nilimpelekea sahani nyuma ya nyumba, kwa jirani, na maji nikampelekea. Hilo nataka lijulikane. Hakula, lakini nilipeleka. Na kitanda usiku ule nilimpa mimi, nikalala chini na watoto.

Nimeisoma tena aya hiyo. Naiacha kama ilivyo.

Mawese nimempa kondakta wa basi la Kasulu asubuhi, dumu la lita tano, mfuniko mwekundu. Nauli nimelipa, usikubali akudai. Kaburi tunajengea mwezi wa nane, na yeye nimemwambia aje, amekubali. Lile birika la bati lilitoboka siku ile ile, nimenunua la plastiki.