Mota za vioo zinasingiziwa

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba anayeweka vioo na loki za umeme kwenye pikapu ya zamani anajitafutia balaa, kwa sababu mota hazidumu. Mimi ni fundi umeme wa magari na milango ya pikapu naifungua kila kukicha. Mota nyingi ninazoletewa kuwa zimekufa ni nzima. Zichomoe mlangoni, ziunge moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, utaziona zinazunguka vizuri tu. Kinachozishinda ni raba.

Kioo hupanda na kushuka ndani ya mfereji wenye raba kila upande. Raba iliyokaa juani miaka 20 inakauka, inapasuka, inajaa mchanga. Ukiwa na hendeli ya kuzungusha, mkono wako unaongeza nguvu bila wewe kujua. Mota ikifika hapo inavuta umeme mwingi, inapata moto, na siku moja inagoma kioo kikiwa nusu, tena mvua inanyesha. Kwa hiyo mteja akileta seti yake mpya ya vioo vya umeme, kwanza napandisha na kushusha kioo kwa hendeli ileile ya zamani. Kikiwa kizito, seti inabaki kwenye boksi mpaka raba zisafishwe na kupuliziwa silikoni, au zibadilishwe kabisa. Grisi usipake hapo. Inakamata vumbi, na raba nyingi huvimba zikikutana nayo.

Kutoa hendeli yenyewe kunawatesa watu bure. Kwenye magari mengi imeshikwa na klipu ndogo ya waya iliyojificha nyuma yake. Wenye haraka huingiza bisibisi na kuchana kava la ndani la mlango. Chukua kitambaa kikuukuu, kipitishe kati ya hendeli na kava, kisha kivute huku na huku kama unayepiga kiatu rangi. Nyuzi zitaidaka klipu na kuitoa. Kinga kwa mkono mwingine, maana inaruka na haionekani tena.

Nyuma ya kava kuna karatasi ya plastiki. Mafundi wengi wanaichana na kuitupa, wakidhani ni takataka za kiwandani. Maji ya mvua huteremka na kioo hadi ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Plastiki hiyo ndiyo inayoyazuia yasifike kwenye kava, ambako sasa umeweka swichi. Irudishe, na matundu uyazibue.

Kuhusu seti, kuna zile za jumla, ambazo mota yake inazungusha shafti ileile ya hendeli. Zinafanya kazi, lakini kama mashine ya kioo, yaani chuma kinachokipandisha na kukishusha ndani ya mlango, imechakaa zitaimaliza. Mimi napendelea mashine kamili yenye mota yake, iliyotoka kwenye pikapu ya aina hiyohiyo iliyozaliwa na vioo vya umeme.

Waya ndizo ninazogombana nazo zaidi. Nakuta mtu amechukua umeme wa vioo kwenye waya mwembamba wa redio, halafu anashangaa kioo kinapanda kwa kusuasua. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri yenyewe, na rilei, yaani swichi inayofungwa na umeme, iwashwe na swichi ya ufunguo. Pale kwenye bawaba pitisha waya ndani ya bomba la raba na uziache na ulegevu kidogo, kwa kuwa zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Zikipita kwenye tundu la bati tupu, bati litazikata.

Loki ni nyepesi. Kimota chenye waya tano kinakaa mlango wa dereva, cha waya mbili upande wa abiria. Kile cha waya tano kina swichi ndani yake, hivyo ukizungusha ufunguo kwa dereva, mlango wa pili unafuata. Ufito wake uende sambamba na ufito wa loki. Ukikaa mshazari unakwama. Na tafadhali, anayewashauri watu wazibe tundu la ufunguo kwa sababu wana rimoti aache. Betri ikiisha ataingilia wapi?

Jambo ambalo msomaji yule hakuligusa ni swichi zinazokuja na seti nyingi, za kubonyeza mbele na nyuma. Mtoto akipiga goti kwenye kiti na kutoa kichwa nje, goti hilohilo linaweza kukandamiza swichi, na mota hizi za seti nyingi hazina kifaa cha kuzirudisha nyuma zikikuta shingo. Za kuvuta juu ili kioo kifunge zipo, na zinauzwa. Ndizo ninazofunga, hata mteja akinung'unika kwamba hazifanani na za kwenye boksi.

Fundi umeme wa magari,
Msomaji wenu wa siku nyingi