Watoto waonje unesi kabla hatujalipa ada

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linanikaa rohoni.

Mimi nalima zabibu huku Mpunguzi, ada za watoto zinatoka humo humo shambani. Binti yangu wa kwanza alimaliza fom foo, kemia, biolojia na fizikia kafaulu, nyumbani tukashangilia tukasema huyu nesi tayari. Hakuna aliyemuuliza kama ashawahi kuona kidonda kinavyosafishwa. Akaenda chuo, ada, yunifomu, godoro, kila kitu nikalipa, na darasani hana shida, kuja kupelekwa wodini kwa vitendo akakuta mgonjwa wa moto anabadilishwa bandeji, akadondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Muhula wa pili karudi na begi lake na zabibu zangu za msimu mzima zimebaki kule. Simlaumu, saa hizi anashona nguo na anashona vizuri tu, ila jamani kitu hicho si tungekijua ndani ya siku tatu tena bure?

Kwa huyu mdogo nikashtuka mapema. Nikajaribu hospitali moja, pale getini tu wakanambia hatupokei mtu bila barua ya chuo, sasa barua ya chuo ataitoa wapi na chuo hajaanza? Nikarudi kwenye zahanati ya huku huku kijijini, mganga mfawidhi akakubali mtoto ashinde na sista wiki mbili, kutazama tu, sindano hashiki, damu hagusi, na mgonjwa akisema simtaki huyu binti humu ndani anatoka bila maneno. Akaambiwa pia ya kule hayaletwi nyumbani, na kweli nikimuuliza nani alikuja leo ananijibu mama acha umbea.

Yeye alidhani nesi ni kuchoma sindano. Kumbe asubuhi wanaanza na friji ya chanjo, joto lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupita 8, linaandikwa asubuhi na jioni. Halafu watoto kwenye mizani, chanjo ya penta (ile ya magonjwa matano) wiki ya 6, ya 10, ya 14, ya surua miezi 9 na mwaka na nusu, na kila mmoja anaandikwa kwenye kadi na kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, jioni sista miguu imevimba na bado anaandika. Akanambia mama kule kuna kuandika kuliko shule! Siku ya nane akaletwa mtoto wa malaria kali, degedege, sista huku anamhudumia mtoto huku anamtuliza mama mtu, binti yangu (jina la mtoto hakutaja, wala simuulizi) akarudi analia njia nzima. Nikajua ndo basi, na huyu kaacha. Kesho yake saa kumi na mbili kasoro kashavaa viatu.

Ombi langu ni kwa waganga wakuu wa wilaya huku Dodoma. Wekeni utaratibu, mtoto alete barua ya serikali ya kijiji au mtaa, asaini karatasi ya kutunza siri, akae nyuma ya nesi wiki mbili kabla dirisha la udahili la NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi, halijafunguliwa. Stashahada ni miaka 3, na ni uuguzi na ukunga pamoja, huwezi kusema wodi ya wazazi mimi siingii. Najua mtasema manesi wenyewe wachache hawana muda wa kulea watoto wa watu, na sista alikiri siku mbili za mwanzo alimwona mzigo, ila baada ya hapo binti ndo alikuwa anapanga kadi na kuita majina foleni ya kliniki.

Huyu wangu anaenda. Yunifomu atamshonea dada yake.

Mama wa mabinti wawili,
Mpunguzi, Dodoma