Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Upanga Uliozima

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya cosplay, sisi tunaovaa kama wahusika wa michezo na kujitengenezea silaha bandia zenye taa,

Nianze na aibu yangu mwenyewe kabla hamjanikumbusha. Nilipanda jukwaani na upanga wa Link, shujaa wa mchezo wa video wa Zelda, ule wa Breath of the Wild ya mwaka 2017. Wachezaji mnajua kuwa upanga huo hauwaki ovyo. Huwaka buluu ukikaribia Guardian, yale maroboti adui, au ukiingia ngome ya Hyrule, na nguvu yake hupanda kutoka 30 hadi 60. Kwa hiyo wangu niliufanya ulale, kisha uamke kwa kitufe. Nikabonyeza. Giza. Nikabonyeza tena. Mtoto wa mstari wa mbele akapaza sauti: "Umeisha chaji!"

Chaji ilikuwepo tele. Upanga ulipolala nilikuwa nimekata umeme wa ukanda wa LED, ikabaki Arduino peke yake, kile kibao kidogo kinachoongoza taa, nayo hula umeme kidogo mno. Powabanki ikadhani imemaliza kuchaji simu, ikajizima. Siku hizi naacha taa moja iwake ndani ya mpini, mahali pasipoonekana, ili powabanki isisinzie.

Jumamosi zetu za solda ndizo zilizobeba mwaka huu. Tulikubaliana mapema kwamba tatizo letu halikuwa uhaba wa taa. Zilikuwa nyingi mno, na zote zinaonekana. Jicho likishaona vidoa, silaha imegeuka mapambo ya Krismasi. Ukanda wenye LED 60 kwa mita una nafasi ya takriban milimita 17 kati ya taa na taa. Kifuniko kikikaa mbali kadiri hiyo, vidoa huanza kuyeyuka. Karatasi ya kuokea keki, tabaka mbili, imetusaidia kuliko vitu vingi vya bei. Kwa panga tumetumia pespeksi, plastiki ngumu ya watengeneza mabango, iliyopigwa msasa pande zote mbili, taa zikiwa zimefichwa kwenye kingo. Msasa ndio kazi yenyewe. Pespeksi inayong'aa hupitisha mwanga moja kwa moja hadi nchani, na ubavu wa upanga hubaki mtupu.

Fimbo ya mwanachama wetu mmoja ilitufundisha somo jingine: mwanga ulianza mweupe shikioni, ukaishia rangi ya waridi nchani. Alilaumu ukanda, akataka kuurudisha dukani barabara ya Luthuli, Nairobi. Ukanda haukuwa na kosa. Umeme ulipungua njiani kwenye shaba ile nyembamba, na kwa kuwa LED nyekundu huridhika na volti 2 hivi wakati kijani na buluu hudai kama 3, nyekundu ndiyo ilibaki hai. Tulipeleka waya wa umeme nchani pia, weupe ukarudi.

Hesabu ya umeme bado inatushinda wengi, nami nairudia hapa. LED moja ya WS2812B, aina inayobadilisha rangi, ikiwa nyeupe kamili hula hadi miliampea 60, kwa hiyo taa 60 ni ampea 3.6. Powabanki nyingi haziwezi mzigo huo. Buluu tupu hula theluthi yake, na ndiyo maana upanga wangu, pamoja na fedheha zake, haukuwahi kupata moto.

Kuhusu betri sitabembeleza mtu. Tuliuziwa seli za 18650, zile betri za lithiamu za mviringo, zilizoandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji zinachobeba. Seli ya kweli ya ukubwa huo huwa karibu 3,500 au chini yake, kwa hiyo lebo ile ilikuwa porojo. Kamati imeamua: seli zilizotolewa kwenye laptopu mbovu haziingii tena kwenye vazi la mtu, na kila silaha iwe na swichi unayoifikia bila kuvua glavu. Anayesafiri kwa ndege na vazi lake abebe betri za lithiamu kwenye begi la mkononi, si la mizigo.

Mabishano kama upanga wa Link uwake muda wote au la hayakumalizika. Msimamo wangu mnaujua. Walio wengi wanataka uwake, maana picha hupendeza, na sitawazuia.

Mweka hazina atasoma hesabu zake baada yangu. Ninachoomba kutoka kwenye mfuko ni pasi moja ya solda yenye kidhibiti joto, kwa sababu hii tuliyonayo imeshachoma kanda tatu, mbili zikiwa zangu.