Pembe ya baruti uliyoniagiza

Ngamiani, Tanga
20 Julai

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Mama yako nilimpitia Ijumaa baada ya sala, hajambo ila lile goti, na anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya uwanja wa shabaha wa Friendship niliwasomea vijana hapa karakanani. Hawakuamini kwamba huko Indiana, Marekani, watu wenye bunduki za kila aina wana chama chao tangu 1933 cha kulenga shabaha kwa gumegume, baruti inamiminwa mdomoni mwa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki kama magobore ya babu zetu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akauliza swali la maana: na hiyo baruti wanaitia wapi? Nikamwambia, kwenye pembe ya ng'ombe, na ndiyo kazi niliyopewa mimi.

Nikwambie mapema usije ukajipanga vibaya: pembe hutaipata kabla ya mashindano ya Septemba. Ninayo moja hapa mezani ambayo ningeweza kukutumia kesho, na sikutumii.

Hiyo niliinunua kwa mfanyabiashara wa vitu vya watalii. Inang'aa kama kioo, ina ugwe wa ngozi, ukiiona utaipenda. Nilipofika nyumbani nikaijaza maji, nikaisimamisha kwenye sahani, nikaenda kuswali laasiri. Kurudi, sahani imejaa. Nikaikwangua vanishi kwa kipande cha chupa, chini yake nikakuta ufa mwembamba kama unywele, na karibu na kitako, kile kibao kinachoziba upande mpana, vitundu viwili vya mabuu ya nondo, wale wanaokula pembe, vimezibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Kitako chenyewe kimepigiliwa misumari ya chuma. Somo, chuma kinashika kutu na kinaweza kutoa cheche. Watu walichagua pembe kwa kuwa haina hayo mawili na haipitishi maji, halafu mtu anakuja kuirudishia chuma! Nilikasirika, na hasira hazijaniisha.

Machinjioni nilikwenda asubuhi tatu. Ng'ombe wetu wa kienyeji pembe zao fupi, ukishakata ncha unabaki na kikombe. Ya kufaa nimeipata kwa dereva wa lori anayetoka Kagera, ya ng'ombe wa Ankole, si zile kubwa za kutundika ukutani; mgongo wake nimeupima kwa tepu, sentimita 38. (Na usije ukaniomba ya tandala wala ya nyati. Hizo ni nyara za serikali, bila kibali tutaishia mahakamani.) Kabla ya kulipa niliigonga kwa kijiti, kama shangazi zetu walivyokuwa wakipiga vugo harusini. Pembe nzima inalia. Yenye ufa inakoroma. Hii ililia mpaka dereva akacheka.

Mdomo wake haukuwa duara, hakuna pembe inayozaliwa duara, basi nikautumbukiza kwenye maji yanayochemka mpaka ukalainika, nikausukumia kigingi cha mviringo, nikauacha upoe nacho usiku kucha. Asubuhi umeshika umbo. Kitako nakuchongea cha mninga, mti usiovimba ovyo wala kusinyaa, maana hapa Tanga hewa ni chumvi na unyevu na huko kwenu ni baridi kavu, mbao nyingine ingeachia. Nitakibana kwa vijiti vya mti na kukiziba kwa nta ya nyuki. Kutoboa ncha ndiko kulikonitia hofu. Ncha ya pembe ni nzito, haina uwazi, na imepinda. Keekee ikienda upande kidogo inatokea ubavuni na kazi yote imekwisha. Nilipitisha waya ndani kwanza nijue uwazi unakomea wapi, nikaweka alama kwa nje, nikatoboa kidogo kidogo kutoka nchani hadi nikakutana nao.

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika nikiwa naikwangua. Nikaitia ufuta mweusi badala ya baruti, nikaishika mbele ya tochi ya simu. Pembe ikawaka rangi ya chai ya rangi, na kivuli cha ufuta kikaonekana kimekomea pale, wazi kabisa. Nikiinamisha, kinateremka taratibu. Nilikaa nikiinamisha na kuinua kama mtoto. Ukiwa uwanjani utaiinua juani tu, ujue baruti iliyobaki bila kufungua kizibo. Nimeipima kwa maji, inaingia robo lita, na baruti nyeusi haipishani sana na maji kwa uzito. Kwa hizo greni 70 unazotumia kila mlio, yaani gramu nne na nusu hivi, utapiga mara hamsini na kitu.

Sasa jambo lililoninyima usingizi. Umeandika kwamba siku ile ya kwanza ulimimina baruti kutoka pembe ya mwenzio moja kwa moja mpaka kwenye mtutu. Usirudie, nakuomba kwa haki ya mama yule. Cheche ya mlio uliopita inaweza kuwa imebaki ndani, na ikishika, haiungui baruti ya mlio mmoja tu, inalipuka pembe nzima iliyo mkononi mwako. Mimina kwenye kipimo kwanza, ziba pembe, ndipo utie mtutuni. Ile ncha niliyoikata nimeitunza, nakutengenezea kipimo hicho hicho cha greni 70 kutokana nayo, ili usiwe na udhuru.

Kuhusu nakshi, umesema askari wa huko Marekani katika ile vita ya Waingereza na Wafaransa ya 1754 hadi 1763 walichora ramani kwenye pembe zao. Basi mimi nitakuchorea bandari yetu: Raskazoni, kisiwa cha Toten mbele ya mji, na Ulenge kule nje na mnara wake wa taa. Nitaijaza mistari masizi na mafuta, kisha niifute. Nitaanza pale tulipokuwa tukiogelea.

Kuna kitu kimoja nasubiri kutoka kwako. Kila pembe ina upande wake wa kupinda, na hii ninataka ilale ubavuni bila kukuchoma, ncha ikiangalia mbele. Unaivaa kulia au kushoto? Niambie upesi, maana mahali pa ugwe na upande wa ramani vyote vinangojea jibu hilo. Kibali cha mifugo cha kusafirishia nimeshaanza kukifuatilia.

Wasalaam,
Somo yako