Kwako, uliyenifundisha kuomba ndoo

Ndugu yangu wa kitanda cha juu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu tukikutana tutaanza kutaniana, na hili sitaki liishie kwenye utani.

Unakumbuka nilivyoingia Tanga? Siku mbili njiani kutoka Musoma, tranka kichwani, jembe mkononi, kidato cha tano. Usiku wa kwanza nikamwambia mtoto mmoja wa Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini, "Lete ndoo." Bweni zima likacheka. Kufika Ijumaa nilikuwa nimeshapigana mara mbili, na mwalimu wa nidhamu akanipa ukiranja wa usafi. Labda alidhani vyoo vinaogopa misuli.

Wiki mbili nzima nilifoka. Kila mtu aliitika "sawa kaka", kisha simwoni yeye wala fagio. Watu wa Tanga hawabishani nawe. Wanakukubalia, wanakukubalia, mpaka unabaki peke yako chooni.

Ndipo Jumamosi moja ukashuka kitandani, ukasema taratibu, "Kaka, huku ndoo hailetwi, inaombwa." Ukanikalisha kama mtoto wa chekechea: samahani nikusumbue, naomba, tafadhali, ahsante. Niliona aibu kuliko siku ile niliyopasuliwa mdomo. Kwetu "nipe" si ufidhuli, ni kuokoa muda tu (hapo bado sijakubaliana nawe). Lakini kesho yake nilimwomba yule yule wa Ngamiani. Akanitazama, akadhani namkejeli. Nikaomba tena. Akaja na ndoo mbili, na mwenyewe akabaki kusugua.

Nikakwambia nyie wenyeji mna siri zenu. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mwenyeji nani?" Babu yako Muha, alitoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba wa mashambani, akakata mkonge Muheza mpaka uzee. Na mkonge wenyewe mgeni: Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893. "Tanga wanasema waja leo waondoka leo," ukaniambia, "babu alikuja leo, akasahau kuondoka."

Tangu siku ile sikupigana tena. Ukali haukuniisha, waulize waliokuwa wakichelewa zamu, ila nilijua nianzie wapi na mtu.

Sasa, samahani nikusumbue. Ile ndoo yangu ya bluu uliyoondoka nayo siku tuliyomaliza fomu siksi, naiomba, tafadhali.