Oili nyeusi si lazima iwe mbovu: vihisi vya oili vinapima nini hasa

Wateja wetu wengi wenye malori na mitambo hutuuliza swali moja: "Oili yangu imeshakuwa nyeusi, nimwage?" Kwa injini ya dizeli, weusi peke yake haukuambii kitu. Oili mpya huanza kubeba masizi muda mfupi tu baada ya kuwekwa, na hiyo ni sehemu ya kazi yake, kuyashika yasigande ndani ya injini. Inaweza kuwa nyeusi tii na bado ina nguvu. Inaweza pia kupendeza kwenye kijiti huku dizeli inayovuja kwenye nozeli imeifanya nyepesi mno, haiwezi tena kuzilinda beringi.

Stika ya kilomita inasaidia, lakini ni makadirio tu. Lori linalopanda Kitonga na shehena ya Tunduma na lingine linaloshinda kwenye foleni za Dar es Salaam injini ikiunguruma yanaweza kusoma kilomita sawa, lakini oili zao hazijapata mateso sawa. Mafundi wa vilainishi wana kanuni ya kukadiria: joto la oili likizidi kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa huongezeka karibu mara mbili. Hata magari madogo yanayokuandikia kwenye dashibodi kwamba muda wa sevisi umefika, mengi hayajaigusa oili yenyewe. Kompyuta imepiga hesabu kwa mizunguko ya injini, joto na umbali.

Kihisi cha oili hufungwa mahali oili inapopita, kikaipima mashine ikiwa kazini. Aina inayotumika sana hupima jinsi oili inavyopokea umeme. Oili safi inayotokana na mafuta ghafi huwa na kipimo cha karibu 2.2, maji karibu 80, kwa hiyo maji kidogo tu yakiingia namba inasogea. Oili ikiungua au masizi yakizidi, inasogea pia. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo: kinakuambia kuna kitu kimebadilika, hakikuambii ni kitu gani. Hata fundi akijazia oili ya aina nyingine bila kumwambia mtu, namba itaruka. Ndiyo maana tunapenda kukifunga pamoja na kinachopima uzito wa oili, yaani inavyotiririka kwa wepesi au kwa shida, kwa sababu dizeli huushusha uzito huo na masizi huupandisha.

Kwenye haidroliki, yaani mfumo wa oili inayosukuma silinda za mtambo, ndiko hasara kubwa zinakotokea. Nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ndani ya pampu ya ekskaveta ni mikroni chache (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa binadamu ni mikroni kama 70, na jicho halioni chembe iliyo chini ya mikroni 40 hivi. Maana yake, oili inayong'aa kwenye glasi inaweza kuwa inaila pampu. Vihisi vya kuhesabu chembe hutoa majibu kwa ISO 4406, kiwango cha kimataifa cha usafi wa oili, kwa namba tatu kama 18/16/13: chembe za kuanzia mikroni 4, 6 na 14 katika kila mililita. Hiyo 18 si idadi yenyewe, ni daraja: maana yake chembe kati ya 1,300 na 2,500. Ikipanda ikawa 19, usidhani imeongezeka kidogo. Chembe zimekuwa maradufu. Oili mpya ya pipa nayo mara nyingi si safi vya kutosha kwa pampu hizi, kwa hiyo ipitisheni kwenye filta wakati wa kujaza.

Uchafu unaingilia wapi? Opereta akinyoosha mkono wa ekskaveta, silinda hunyonya oili, kina cha tangi kinashuka na tangi linavuta hewa kupitia kipumulio chake. Kiangazi linavuta vumbi, masika linavuta unyevu. Kipumulio kilichopasuka au kisicho na filta kinaharibu kazi yote ya filta kubwa mliyoinunua kwa bei. Na tafadhali, mnapoosha mtambo kwa mashine ya presha, msielekeze maji hapo.

Kihisi cha unyevu kinahitaji uelewa kidogo. Kinasoma asilimia: oili imeshiba maji kwa kiasi gani. Oili ya moto hubeba maji mengi kuliko ya baridi, kwa hiyo maji yaleyale yanaweza kusoma 30 mchana mtambo ukiwa kazini na 80 alfajiri baada ya kulala umezimwa. Linganisha usomaji wa joto moja na mwingine wa joto hilohilo. Ukifika 100, maji yanajitenga na kuanza kutia kutu. Ukisubiri oili iwe na rangi ya maziwa ndipo ushtuke, umechelewa.

Kama una gari dogo la nyumbani, hatukuuzii kihisi. Tumia oili sahihi na ubadilishe kwa wakati. Mwenye ekskaveta moja au mbili aanze na cha unyevu na joto, abadilishe kipumulio, na atume sampuli maabara kila anapofanya sevisi. Maabara ndiyo itasema kama metali iliyomo ni chuma au shaba, na kama kuna mchanga au maji ya rejeta. Kihisi cha kuhesabu chembe ni ghali, na mapovu ya hewa hukidanganya kwa sababu huyahesabu kama chembe. Kinamfaa mwenye mitambo mingi au pampu ambayo ikifa kazi yote inasimama.

Kihisi cha kunasa vipande vya metali tunakifunga kwenye njia ya kurudi tangini kabla ya filta, maana baada ya filta ushahidi umeshachujwa. Wiki za mwanzo hatuweki kengele; tunaacha kihisi kijue hali ya kawaida ya mtambo wako, ndipo tunapanga kiwango cha onyo.

Ukitaka makadirio ya gharama, tutumie modeli ya mtambo, aina ya oili iliyomo sasa, tarehe ya mwisho kuibadilisha, na picha ya tangi ikionyesha kipumulio na bomba la kurudi. Picha hiyo pekee mara nyingi inatosha kutuonyesha pa kuanzia.